Kiambaza cha Nyota, Vipimo na Amana



Mwaka jana biharusi mmoja alitujia kupima gauni, akatuuliza kama tungeweza kumtengenezea na kiambaza cha mbao cha sebuleni, chenye matundu ya nyota, ili mgeni akisimama mlangoni asione ndani. Sitara ya namna hii si ngeni kwetu. Nyumba za kale za mawe za pwani zilikuwa na daka na njia ya kupinda kwa sababu hiyo hiyo. Tukakubali, maana tulikuwa tumeanza kujifunza kuchora kwa AutoCAD.

Tulichora miraba miwili, mmoja tukauzungusha nyuzi 45, ikatoka nyota ya ncha 8. Kompyuta ikairudia ubao mzima. Mchoro tukampelekea fundi mwenye mashine ya CNC, inayofuata mistari na kukata MDF yenyewe.

Ubao ulipotoka tulishika vichwa. Fito tulizochora za milimita 20 zilikuwa na 14! Kikatio cha mashine kina unene wa milimita 6, nasi tulikiacha kipite katikati ya mstari, kikala milimita 3 kila upande. Wallahi, sisi mafundi cherehani, hatukati kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono, lakini mbele ya kompyuta tulisahau.

Harusi ilibaki siku 9. Rangi ingeficha, na biharusi asingepima. Lakini fito nyembamba vile zingevunjika, na sote tumesoma Suratul Mutaffifin, inavyowaonya wanaopunja vipimo. Tukampigia simu, tukamweleza ukweli, tukanunua ubao mwingine kwa pesa zetu. Faida yote ikaishia hapo. Yeye akatujibu tu, "Ahsanteni kwa kuniambia."

Safari ya pili tuliingiza unene wa kikatio kwenye programu, tukakata kipande kidogo cha majaribio kwanza. Pembe za ndani zilitoka na mviringo, kwa kuwa kikatio ni cha duara, na seremala mmoja mzee akatunyooshea kwa patasi, moja moja.

Kwa hiyo mabiharusi wetu, mkiagiza kazi ya mashine, ombeni kipande cha majaribio, mkishike na mkipime wenyewe. Fundi mwaminifu hatochukia.

Tuombeane dua.