Kamio ilikuwa nyumba yetu

Tangu turudi wengi wametuuliza: kwa nini feza ya likilimba itumike kwa kutembea, na mabati bado tunayahitaji? Swali ni la haki, nasi tunalijibu.

Tulikodi kamio wakati wa kiangazi, maana mvua ikinyesha barabara ya Kabambare haina huruma. Kamio ndiyo ilikuwa nyumba yetu: bashi juu, mikeka chini, mbabula na bidoni za maji nyuma. Usiku watoto walilala katikati, sisi pembeni yao. Kila kijiji tulijionyesha kwanza kwa chefu, tukauliza habari za usalama mbele. Tulipoambiwa tungoje, tulingoja siku mbili.

Tulivuka Luama, tukapita Lulimba na Fizi, tukashuka Baraka, ambako rasi ya Ubwari inaonekana ng'ambo ya ghuba. Tulipofuata pwani kuelekea Makobola, milima ilisogea mpaka majini: mkono mmoja mawe, mkono mwingine ziwa. Penye ubaya tulishuka wote na watoto, tukatembea kwa miguu, kamio ikapita tupu. Jioni tulikula bukari kwa mikebuka mibichi, tukafua nguo, tukalala.

Faida ni gani? Sisi tunaofundisha tunaandika ubaoni kila mwaka: Tanganyika, urefu karibu kilomita 670, kina mita 1,470. Mtoto anakariri, kisha anasahau. Pale ufukoni mmoja aliuliza: "Mwalimu, maji haya yote yanaenda wapi?" Tukamwambia: yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba upande wa Kabalo, yanapita Kongolo, yanafika kwetu Kasongo-Rive. Akafikiri, akasema: "Kumbe tunavua samaki ndani ya maji ya huku!" Hilo hatalisahau.

Tena, Kabambare ilikuwa kituo cha misafara wakati wa Tippu Tip. Watu wetu walipelekwa ziwani wakiwa wamefungwa, wengi hawakurudi. Mabinti wetu wamekwenda ziwani wakiimba, na wote wamerudi nyumbani.

Mabati tutanunua kwa zamu inayofuata. Kiangazi kijacho nafasi zipo kwa wamama wengine. Anayetaka aanze kuweka kidogo kidogo sasa. Na bwana asiyekubali, mlete kwenye mkutano, tuzungumze naye kwa heshima.