Kaunta Buku ya Omurushaka

Chumba cha mbele cha lile duka la pembejeo pale Omurushaka kimevunjwa kupisha barabara. Sina ugomvi na barabara. Sisi tuliokula vumbi la kwenda Nkwenda na Murongo juu ya magunia ya malori tunajua thamani ya lami. Lililonichoma ni maneno ya mtoto wa dada yangu, kijana anayesimamia grupu la WhatsApp la wakulima wa Karagwe na Kyerwa. Alinitumia picha ya kifusi, nikamwandikia kwamba ndani ya chumba kile ndimo wakulima walimokuwa wakiulizia mambo yao. Akajibu: "Mjomba, kwani zamani mlikuwa na utaratibu wa kuuliza? Si mlikuwa mnamsubiri tu bwana shamba?"

Utaratibu tulikuwa nao, tena mkali.

Duka lilizaliwa pale biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kabla ya hapo pembejeo zilikuja kwa njia ya ushirika, deni likakatwa wakati wa mauzo, na mkulima hakulazimika kujua jina la dawa: aliipokea kwenye chama cha msingi akaenda kuipiga. Mpango ule ulipolegea, kila mtu akawa anajinunulia mwenyewe kwa fedha taslimu, na maswali yakabaki bila pa kwenda. Dada yangu anashikilia kuwa duka lilifunguliwa 1995, maana ndio mwaka alioolewa na mabati ya duka yalikuwa bado mapya. Mimi nasema 1996. Nimeuliza watu wawili watatu, kila mmoja ana mwaka wake, tuuache.

Ninachokumbuka bila kuuliza mtu ni harufu. Ukivuka kizingiti ilikupokea ya unga wa Actellic, ule wa kuhifadhi mahindi yasitobolewe na dumuzi, ikakukaba kidogo kooni. Nyuma yake ilikuja ya Thiodan, kali na ya mafuta, dawa tuliyoipiga dhidi ya ruhuka kwenye kahawa. Dunia iliamua kuipiga marufuku kwa mkataba wa Stockholm mwaka 2011, na sisi tulikuwa tumeivuta miaka na miaka. Kutoka ghala la jirani iliingia harufu ya kahawa ya maganda, tamu iliyochachuka. Halafu, juu ya hizo zote, kulikuwa na harufu ya meza.

Meza ile ilikuwa ya mbao za msitu, imewekwa chini ya dirisha, na hakuna bidhaa iliyowahi kuuzwa juu yake. Ilikuwa ya wagonjwa. Watu waliweka majani ya mgomba yaliyokauka pembeni, punje za kahawa zenye tundu kichwani, vipande vya kisiki vilivyochimbwa na fukusi, mizizi iliyovimba mafundo. Vyote vilioza taratibu, na mwenye duka hakuruhusu kitu kitupwe hadi mwenye nacho apate jibu.

Alikuwa Mnyambo wa makamo, mrefu, aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi, na ukarani haukumtoka. Alinunua kaunta buku nene, akaitoboa kona, akaifunga kwa kamba ya katani kwenye msumari. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa swali, wa kulia wa jibu. Siku za gulio alinikalisha hapo wakati wa likizo ya sekondari, niwaandikie wasiojua kuandika na wale waliosahau miwani. "Mwandiko wako unasomeka," aliniambia. "Kaa hapa, lakini usiandike chochote mpaka niseme andika."

Kazi yake kubwa ilikuwa hiyo: kusema andika. Mtu akifika na kusema, "Mzee, migomba yangu inaumwa," hakuniruhusu nishike kalamu. Alimuuliza: jani lililoanza ni la chini au la juu? Kibanja kiko bondeni au mlimani? Umepanda lini, na mbegu uliitoa wapi? Jirani yako naye anayo hali hiyo? Asiyeweza kujibu alirudishwa nyumbani kwa upole akaangalie kwanza. Wengine walinung'unika, hasa waliotembea kutoka mbali. Lakini nimewaona wengi wakirudi gulio lililofuata na jani mkononi, na nusu ya hao walikuwa wameshajijibu njiani.

Swali lililokwisha kujibiwa hakuliandika mara ya pili. Alifunua kurasa, akalipata, akanifanya nisome kwa sauti. Halafu aliuliza: "Ulifanya hivyo?" Kama mtu alifanya na haikusaidia, basi hilo lilikuwa swali jipya, na liliandikwa kwa heshima zote. Nilikuja kusoma baadaye kwamba London, mwaka 1691, mchapishaji mmoja aitwaye John Dunton alianzisha gazeti la maswali na majibu, Athenian Mercury, na wasomaji wakawa wanapeleka barua zao kwenye nyumba ya kahawa. Wenye gazeti nao iliwabidi kuwaomba watu wasirudie yaliyokwisha kujibiwa. Niliposoma hayo nilimwona mzee wetu na kidole chake kikitelezea kwenye karatasi.

Bei hazikuingia kwenye kaunta buku. Ziliandikwa kwa chaki mlangoni, zikafutwa jioni. Mipaka ya mashamba haikuingia, wala madai ya urithi. Hayo alimwonyesha mtu njia ya kwa mtendaji. Maswali ya "ipi bora" aliyakataa yote. Vanila ilipopanda bei, watu walimiminika kuuliza kama wang'oe kahawa wapande vanila. Aliwaambia waulize vanila inapandwaje, inataka kivuli kiasi gani, ua lake linachavushwa vipi kwa mkono. Hayo yangeandikwa. Kung'oa au kutong'oa ni uamuzi wa mwenye kibanja na watu wa nyumbani kwake.

Uchawi ndio uliomletea kazi ngumu. Mama mmoja alitaka niandike kwamba shemeji yake amemharibia shamba. Nilitazamia mzee amfukuze. Hakumfukuza, wala hakumcheka. Alimwambia, "Mama, jina la mtu tuliache. Andika ulichokiona." Tukaandika: miche ya kahawa inanyauka upande mmoja, majani yanapukutika yakiwa bado na ukijani, tawi kwa tawi. Kahawa nyingi za robusta mkoani kwetu zilikufa kwa namna hiyo miaka ile, na mnyauko wa kahawa haumjui shemeji wa mtu. Bwana shamba alipofika na pikipiki yake alisoma mistari ile akaelewa papo hapo: ng'oa, choma palepale, usiburute mti kupita kwenye mingine.

Lakini swali ninalolikumbuka kuliko yote ni la butura. Wasomaji wa Kagera hawahitaji maelezo. Wa kwingine wajue kwamba ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya mwenye shida, ili upate ada au hela ya hospitali. Alikuja mwanamke mjane, akasimama kando hadi watu wapungue, akasema, "Waitu, nimeuza maua ya miaka miwili. Nitokeje?" Bwana shamba alikuwepo. Alisema waziwazi kwamba hilo si la kilimo, ni la deni, lisiandikwe. Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akamuuliza yule mama ana miti mingapi, kibanja kina ukubwa gani, na fedha humbana mwezi gani hasa. Ilikuwa Januari, shule zinapofunguliwa. Basi akasema andika: shamba la kahawa la ukubwa huu, lenye migomba, mwenyewe ana mikono miwili tu, apande nini Septemba avune kabla ya Januari bila kuinyima kahawa chakula? Bwana shamba akacheka kwa kukubali, akachukua kalamu mwenyewe. Jibu lake lilijaza ukurasa wa kulia: maharage, nafasi za kupandia, matandazo, na kupogoa miti iliyozeeka ili michache iliyobaki izae vizuri. Deni lenyewe halikuandikwa. Mzee alifunga duka mchana ule, akafuatana na yule mama hadi kwa mwenyekiti wa chama cha msingi.

Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka vijana wakisikie. Kulikataa swali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulitafutia mlango wake, na kulichambua ili sehemu inayojibika isitupwe pamoja na isiyojibika. Yule mzee hakumwacha mtu barabarani.

Majibu nayo yalikuwa na sheria. Aliyejibu aliandika kijiji chake na msimu aliojaribu jambo hilo. Migomba mipya ilipoletwa na mradi wa KCDP, zile FHIA 17 na FHIA 23, ukurasa mmoja ulijaa majibu kutoka Nyaishozi, Ihembe, hadi Kaisho: mkungu wake mkubwa, unastahimili sigatoka, lakini kwenye sufuria haufanani na ndizi zetu, afadhali kuunywa juisi au kuuza. Mtu wa Kaisho aliandika asichokubaliana nacho mtu wa Ihembe, na yote yakaachwa, kwa sababu udongo wao si mmoja.

Halafu ukaja mnyauko wa migomba. Ethiopia uliandikwa tangu 1968 kwenye enseti, Uganda uliingia 2001, na kwetu Kagera ulithibitishwa Muleba mwaka 2006. Kwenye kaunta buku yalianza maswali yaliyofanana kama pacha: ndizi zinaiva mgomba ukiwa bado mbichi, ua dume linasinyaa, ukikata shina unatoka ute wa manjano. Kwa kuwa kila swali lilikuwa na kijiji na tarehe, tuliweza kuona kwa macho yetu kwamba halikuwa jambo la mtu mmoja na shemeji yake. Jibu lilibandikwa hadi mlangoni, pahali pa bei: kata ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, panga likishagusa mgomba mgonjwa lipitishwe motoni, usichukue chipukizi kwa jirani bila kuuliza. Nani aliumia na nani aliokoka ni habari ndefu, na kila nyumba inayo yake.

Redio jamii ya FADECO ilianza pale Kayanga katika miaka hiyohiyo, na jambo hilo lilikuwa zuri mno. Swali la mtu mmoja lilisikika vijijini kote kwa lugha ya kueleweka. Watu wakapunguza safari za dukani. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya, ofisi zikagawanywa, bwana shamba wetu akahamishwa. Simu zikaingia kila mfuko. Mzee alifariki, wanawe wakageuza duka kuwa la vipuri vya pikipiki, na zile kaunta buku, naambiwa, ziliishia kufungia karanga. Siwezi kuwalaumu, hakuna aliyewaambia ni kitu gani.

Sasa nimo kwenye grupu la mpwa wangu, na nasoma kila asubuhi. Picha ya jani bila neno hata moja. Viwanja vinauzwa. Mikopo ya haraka. Sala. Jani jingine. Na chini ya kila jani, kabla dakika haijaisha, majibu ya watu wanaouza dawa, ambao hawajauliza hata kama jani ni la juu au la chini. Linaloniudhi kupita yote ni maneno mawili: "Njoo inbox." Mtu ameuliza mbele ya mamia ya wakulima, jibu linafichwa chumbani, na kesho mwingine atauliza hilohilo upya. Wasimamizi wakichoka wanafuta, na aliyefutwa hajui kosa lake wala aende wapi. Wengi wao ni akina mama wa Mabira na Nkwenda ambao kuandika ujumbe ule kumewagharimu bando na ujasiri.

Sisemi teknolojia ni mbaya. Ile programu ya Nuru, unaielekeza kwenye jani la muhogo nayo inakwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo na mtandao, na inakwambia kwa Kiswahili. Haikufundishwa kila kitu, ilifundishwa mambo machache. Kuna mtu aliketi akaamua ni maswali gani itajibu.

Nimemwandikia mpwa wangu hayo yote. Amekubali matangazo yapewe siku moja ya wiki. Amekubali kila picha iambatane na kijiji, umri wa shamba na siku dalili zilipoanza, na asiyeandika aulizwe badala ya kufutwa. Amewatafuta watu watatu wa kumsaidia kusoma, mmoja wa Nyaishozi, mmoja wa Nkwenda, mmoja wa Kaisho, na nimeahidi kuwanunulia bando. Kuhusu "njoo inbox" amekataa. Anasema wauza dawa ndio wanaojibu haraka, na akiwabana watahamia grupu jingine na wakulima watawafuata. Nimemwambia waende. Tangu Jumapili hajanijibu.