Kuiongezea Kasi Kompyuta ya Zamani

Kila prosesa ya kompyuta ina mwendo wake iliopangiwa kiwandani, na wengi wetu twadhani ya kuwa mwendo huo haubadiliki, kama vile mtu mzima asivyoweza kubadili kimo chake. Sivyo. Kiwanda huzipima prosesa zake, kisha huziandikia mwendo ambao kina hakika zitaufuata bila taabu. Kwa hiyo aghalabu hubaki akiba ya nguvu isiyotumika. Mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya mwaka 1998: iliuzwa kwa megahezi 300, lakini watu wengi waliiendesha kwa 450. Kuitafuta akiba hiyo ndiyo kazi niliyojifunza likizo iliyopita, nyumbani kwetu Kahe.

Kompyuta yenyewe ni mali ya mama. Aliinunua mjini Moshi ikiwa imekwisha tumika, na kwayo hupiga chapa barua za watu, fomu na kadi za mialiko, na mara nyingine hutengeneza video za harusi. Fedha za kazi hiyo ndizo zininunuliazo madaftari na sare. Prosesa yake ni Intel Core 2 Duo E6600, iliyotoka mwaka 2006.

Nilipoomba ruhusa, mama aliniuliza, "Na ikiungua, mwanangu, tutakula hiyo kasi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mwisho tukapatana: nisiiguse siku ya kazi, na kazi zake zote zinakiliwe kwanza kwenye flashi. Nami nikaongeza sharti la tatu, kwamba sitaipandishia volti hata kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Mazabodi hutoa mapigo ya megahezi 266, na prosesa huyazidisha mara 9, ikapata kama 2,400, yaani gigahezi 2.4. Hiyo 9 haipandi katika prosesa hii, lakini 266 yaweza kupandishwa kwenye bayosi. Kompyuta nyingi za ofisini zina mlango huo uliofungwa; yetu iliungwa na fundi, na mlango uko wazi. Kumbukumbu nayo hufuata mapigo hayo hayo. Yetu ni DDR2 ya 667, na ikienda sawa na mapigo yavumilia hadi 333, basi nafasi ilikuwapo.

Kabla ya yote nilifungua boksi. Vumbi la Kahe mwalijua. Lilikuwa limejaa katikati ya mapezi ya alumini yapoozayo prosesa, hata feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikalisafisha kwa brashi, nikafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokwisha kauka, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Prosesa ikifanya kazi nzito, joto likashuka kutoka digrii 71 hadi 62, na kasi bado sijaiongeza.

Ndipo nikaanza kupanda: 276, 286, kisha 300. Kila hatua niliipa kompyuta programu ya hesabu nzito kwa saa nzima, huku nikitazama joto. Kwa 300 mwendo ulifika gigahezi 2.7, na ilifanya kazi usiku kucha bila kosa. Kwa 320 ilijizima na kujiwasha yenyewe. Kuvuka hapo kulitaka volti zaidi, na hapo ndipo penye hatari: joto huongezeka sawasawa na mwendo, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Volti zikipanda asilimia 10, joto hupanda kama asilimia 21. Nikarudi 300.

Je, tulipata nini? Video iliyochukua dakika 40 sasa huchukua 36. Lakini mama alipoketi kupiga chapa barua hakuona tofauti. Kilichompendeza ni feni iliyonyamaza. Sisi wa Kahe, penye njia panda ya reli ya Tanga na ya Voi, twajua kuwa gari moshi haliwahi kwa nguvu za injini peke yake. Likingojeshwa njiani limechelewa. Kadhalika printa na diski ya zamani hazikimbii kwa sababu prosesa imekimbia.

Tena kuna jambo la hali ya hewa. Feni haiwezi kuipooza prosesa kupita ubaridi wa hewa ya chumbani. Chumba kikipanda digrii 10, prosesa nayo hupanda karibu 10. Mwenzetu wa Marangu anayejifunika blanketi ana nafasi kubwa kuliko sisi wa tambarare. Kwa hiyo miezi ya baridi kompyuta yetu hukimbia kwa 300. Joto la Januari likija, itarudishwa 266.

Kwa wenzangu watakaojaribu, nasema hivi: safisheni kwanza, nakilini kazi zenu, pandeni hatua ndogo ndogo, na kila hatua ipimeni. Kompyuta yenye dhamana iacheni, maana dhamana yaweza kupotea. Na asiye mwenye mali aombe ruhusa kwanza. Polepole ndio mwendo, hata kwa atafutaye kasi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu