Auza Bodaboda Ili Atengeneze Giaboksi Yake

Dogo mmoja fundi wa Karatu kauza bodaboda yake ili aunde kigari cha kubebea vitunguu vya Mang'ola. Giaboksi kachora mwenyewe, gia mbili tu. Kwenye ile nzito, gia ya meno 15 inazungusha ya meno 45: mwendo unapungua mara tatu, nguvu inapanda karibu mara tatu. Washkaji wanamcheka, eti litatambaa kama kobe!

Kaka yake, dereva wa watalii, hacheki. Yeye hushusha Land Cruiser kreta ya Ngorongoro, mita 600 hivi hadi chini. Ukitegemea breki peke yake zinachemka, zinagoma. Gia nzito ndiyo inayolishika gari.

"Mdogo wangu, usiipunguze hiyo. Mang'ola kuna kushuka pia."

Wadau, nyie mngepanda?