Swichi Isiyotoboa Ukuta

Kazi ya umeme imenilisha tangu 1998, nilipotoka VETA Chang'ombe na kuanza kumfuata mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa akifunga umeme Sinza, Mwananyamala na Magomeni. Miaka hiyo swichi ilikuwa plastiki nyeupe, skrubu mbili na ulimi wa shaba ndani. Wenye nyumba waliuliza taa ya sebuleni itawaka lini na LUKU itakula uniti ngapi, basi.

Mzee alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi. Kabla ya kugusa waya, ijaribu testa mahali penye umeme. Kisha pima ule waya uliouzima. Halafu rudi ukaijaribu tena testa penye umeme. Testa mbovu haikwambii kwamba ni mbovu. Inakwambia waya hauna moto, nawe unaushika. Leo nafunga swichi zinazopeleka amri kwa mawimbi ya redio, na sheria hiyo bado ndiyo ninayoanza nayo kumfundisha kijana yeyote anayenifuata.

Alinifundisha pia mpango wa nyaya tuliourithi kwa Waingereza. Faza na nyutro zinapita darini, zikitoka taa hadi taa. Kwenye swichi unashusha faza, kisha unapandisha waya unaokwenda kwenye balbu. Nyutro haishuki, kwa sababu swichi ya kawaida haiihitaji, na waya ni pesa. Fungua kisanduku cha swichi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, utakuta nyaya mbili tu, na zote mbili ni za upande wa faza: mmoja una moto saa zote, mwingine una moto taa ikiwaka. Nilifunga nyumba nyingi kwa mpango huo na ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Sikujua kwamba waya ule uliobaki darini ndio ungekuja kuwa swali la kwanza la kazi yangu ya baadaye.

Swichi janja nilianza kukutana nazo Masaki, katika nyumba za watu waliorudi kutoka Ulaya na maboksi yao. Wengine walikuja na balbu za Philips Hue, zilizoingia sokoni 2012. Wengine walileta swichi za ukutani za waifai. Swichi ya namna hiyo ina kompyuta ndogo ndani, na kompyuta hiyo lazima iwe macho muda wote ili isikie amri, hata taa ikiwa imezimwa. Ili iwe macho inahitaji umeme wake, yaani faza na nyutro. Ukifungua ukuta hukuti nyutro, kazi imesimama.

Viwanda vilitengeneza swichi zisizodai nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo kwenye balbu yenyewe ili zipate kuishi. Kwa balbu za zamani za waya wa moto haikuwa shida, maana umeme huo mdogo haukutosha kuziwasha. Kwa balbu ya LED ya wati tatu au nne unatosha kuifanya imemeteke usiku kucha. Mwenye nyumba anasema nyumba ina jini. Dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa pale kwenye taa, sambamba na balbu, ili umeme ule upate njia nyingine. Nimezifunga nyingi na zinafanya kazi. Hata hivyo, kila nikipanda ngazi kufunga kapasita huona tunamtibu mgonjwa ambaye angekingwa kwa mita chache za waya siku nyumba ilipojengwa.

Kazi iliyonibadilisha niliifanya Unguja. Kijana mmoja anayeishi Maskati alitaka nyumba ya mama yake, ndani ya Mji Mkongwe, iwekwe taa za kuongozwa kwa simu. Mama alikuwa akilala ghorofa ya juu, na ngazi ya nyumba ile ilikuwa ya mbao, nyembamba na kali, yenye swichi moja tu, chini kabisa mlangoni. Kila alfajiri alishuka gizani ndipo awashe taa ya kumwonyesha njia ambayo tayari ameshaipita.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake si za kuchezea. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake hufika nusu mita. Ukichimba mfereji wa kupitishia bomba la waya, jiwe linamomonyoka na kuchukua majirani zake. Ukiziba kwa saruji, ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa sasa unafungia unyevu ndani, na baada ya masika lipu inavimba. Mahali kama hapo swichi isiyo na waya ina maana kamili. Nimeona watu wengi wakiinunua kwa fahari tu, ila pale ilikuwa jawabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu wa Maskati kakutuma uje unitoboe ukuta?"

"Sitoboi, Bibi. Hata msumari sigongi."

"Haya. Mimi hilo lisimu silitaki. Nataka nikinyoosha mkono kitandani, ngazi iwake."

Kijana alitaka simu, mama alitaka kitufe. Nikampigia mwanawe nikamwambia nitaanza na kitufe cha mama, simu itafuata. Alikubali papo hapo.

Nikazima umeme kwenye meni, nikapima kwa sheria ya mzee wangu, kisha nikapanda kwenye taa badala ya kufungua swichi ya chini. Pale juu, kwa mpango ule ule wa Waingereza, faza na nyutro zote zipo. Kwenye boksi la taa nikaweka rilei ndogo inayoenea kiganjani: faza inaingia, nyutro inaingia, na waya mmoja unatoka kwenda kwenye balbu. Swichi ya zamani ya mlangoni nikaiunganisha kwenye tundu la rilei lililotengwa kwa kazi hiyo, ili iendelee kuwasha na kuzima kama zamani. Nyaya za nyumba ile zilikuwa nyekundu na nyeusi, rangi za zamani, wakati rilei ilikuja na maelezo ya kahawia na buluu. Hapo fundi asiamini rangi, aamini kipimo.

Kitufe chenyewe, kile cha kitandani, ni kipande chembamba chenye betri bapa ya CR2032. Hakina waya wowote. Kukiunganisha ni kazi fupi: unakiambia kisanduku cha kati, kile kinachopokea amri za vifaa na kuzigawa, kitafute mgeni, unabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka kitaa chake kimemeteke, jina linatokea kwenye simu, unakipa kazi ya kuwasha taa ya ngazi. Maelezo ya boksini yanaishia hapo. Ukuta wa matumbawe unaanzia hapo.

Vifaa vile vilitumia Zigbee, mawimbi ya gigahatsi 2.4, na mawe mazito yenye unyevu huyadhoofisha mno. Kisanduku cha kati kilikuwa chumbani juu, karibu na ruta, na rilei ya taa ya ngazi haikukisikia. Ubora wa Zigbee ni kwamba kila kifaa kinachokula umeme wa nyumba hupokea ujumbe na kuupitisha kwa mwenzake. Kifaa cha betri hakipitishi, kinatunza nguvu zake. Kwa hiyo nikachomeka soketi janja kwenye kituo cha katikati ya ngazi, mahali inapouona mlango wa juu na mlango wa chini, na ujumbe ukapata kupita milangoni badala ya kupigana na jiwe. Na kila kifaa nilikiunganisha pale pale kitakapokaa. Mafundi wengi huviunganisha vyote mezani, karibu na kisanduku, kisha wakavitawanya nyumbani, halafu wanashangaa kwa nini kimoja kinapotea. Mwisho nikahamisha waifai kwenye chaneli 1 na Zigbee kwenye chaneli 25, zisigombanie hewa moja.

Gundi ilinipa kazi kuliko redio. Ukuta uliopakwa chokaa hutoa unga, na kitu ulichobandika jioni utakikuta sakafuni asubuhi. Nikafuta fremu ya mlango kwa spiriti, nikabandika kitufe kwenye mbao, upande ambao mkono wa Bibi unafika akiwa amekaa kitandani. Nilimwomba akae, anyooshe mkono, nikaweka alama pale vidole vilipogusa. Urefu unaoandikwa kwenye vitabu vya ufundi ni kwa watu waliosimama.

"Sasa hiki hakina waya. Umeme wapita wapi?"

"Hapa haupiti umeme, Bibi, inapita amri tu. Umeme uko kule kule kwenye taa."

Akabonyeza, ngazi ikawaka. Akazima, akawasha tena.

"Alfajiri nikienda kutawadha ntaiona yote?"

"Utaiona yote kabla hujashusha mguu."

Tangu siku ile napanga kazi kwa kumwangalia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote nyumbani: bibi asiyetaka simu, dada wa kazi ambaye hakupewa nywila, mgeni aliyefika usiku, mtoto. Swichi ya ukutani ni ya kila anayeingia. Ikiwa mtu mmoja tu mwenye simu ndiye anayeweza kuwasha taa, kazi haijaisha, hata kama programu inapendeza.

Matukio yakanithibitishia. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao wa umeme, na balbu janja nyingi zimewekwa kiwandani ziwake zenyewe umeme unaporudi. Umeme ukirudi saa tisa usiku, nyumba nzima inawaka na watoto wanaamka. Kuna mpangilio ndani ya programu unaoiambia taa irudi katika hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. Katika nchi yenye mgao, huo uwe mpangilio wa kwanza kuguswa.

Kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Wateja wangu ambao amri ya taa yao husafiri kwenda kwenye kompyuta za ng'ambo na kurudi walibonyeza simu bila mafanikio. Wale wenye kisanduku kinachofanya uamuzi ndani ya nyumba hawakugundua chochote, upande wa taa. Kabla ya kununua, uliza swali hilo moja dukani: intaneti ikikatika, kitufe kitawasha taa? Muuzaji akisita, rudisha boksi rafuni.

Zipo swichi zisizo na waya wala betri, na hizo nazipenda kuliko zote. Kule kubonyeza kwenyewe kunasogeza sumaku kwenye koili, na umeme unaozaliwa unatosha kurusha ujumbe mmoja wa redio. Kampuni ya Kijerumani ya EnOcean, iliyochipuka kutoka Siemens mwaka 2001, ndiyo iliyoueneza ujuzi huo. Kwa pwani yetu, ambako hewa ya chumvi inaotesha kutu kwenye migusano ya betri, kitufe kisichokuwa na betri kina sababu nzuri ya kuishi muda mrefu.

Kuna mengine ambayo siyafungi hata nikilipwa. Pangaboi halikai kwenye swichi ya kupunguza mwanga. Mota inanguruma na kupata joto. Hita ya maji ya kilowati 3 huvuta ampea 13 hivi, na rilei ndogo ya taa haikuumbwa kwa mzigo huo. Iwekewe kontakta yake. Na siachi nyumba ya mtu ndani ya simu yangu. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mwenye nyumba, nywila aiweke mwenyewe, nami nijitoe mbele yake kabla ya kupokea malipo. Fundi anayeondoka na uwezo wa kuwasha na kuzima taa za chumba cha mteja wake ameondoka na ufunguo usio wake, na vijana wanaoingia katika kazi hii walielewe hilo mapema kuliko wanavyoielewa programu yoyote.

Nawe unayejenga sasa, kabla lipu haijapigwa, simama na fundi wako umwambie mambo mawili. Nyutro ishuke kwenye kila kisanduku cha swichi, hata kama leo utafunga swichi ya kawaida, na mwisho wake ufunikwe vizuri kwa konekta. Na visanduku viwe vya kina cha milimita 47, si vile vya 25, ili kifaa chochote kitakachokuja kipate pa kukaa. Akikwambia hakuna haja, mwambie ni wewe unayelipa.