Watu wa Meza ya Nyuma

Kila mtu hapa mjini anamfahamu shabiki wa mpira. Hutambulika kwa jezi yake, kwa sauti yake iliyokauka siku ya Jumatatu, na kwa ugomvi wake na jirani anayeshabikia timu nyingine. Mpenzi wa bendi hatambuliki kwa urahisi namna hiyo. Huenda ukakaa naye benchi moja kanisani miaka kumi bila kujua kwamba jana yake usiku alikuwa amesimama mbele ya jukwaa hadi saa nane, na kwamba viatu alivyovivaa asubuhi hii ndivyo alivyochezea. Sisi tunaoyaandika haya tulikuwa watu wa aina hiyo. Tulikuwa saba, tumebaki watatu, na tumeona vema tuyaseme kabla hatujapungua zaidi.

Bendi yetu ilikuwa Mlimani Park Orchestra, ambayo wengi waliiita kwa jina la mtindo wake, Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Ilianzishwa mwaka 1978, na baadhi ya waasisi wake walitoka katika bendi ya Jumuiya ya Wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuitwa JUWATA, na leo yajulikana kwa jina la mtindo wake, Msondo. Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam likaichukua bendi yetu, ndipo zile herufi DDC zikatangulia jina lake. Tangu hapo mji ukagawanyika: huyu wa Sikinde, yule wa Msondo, na kulikuwa na nyumba ambazo baba alikuwa upande mmoja na mama upande wa pili. Kijana wa leo hucheka akisikia hivyo. Asicheke sana.

Kuifuata bendi wakati ule hakukuwa na maana ya kununua tiketi mara moja kwa mwaka. Bendi ilikuwa na mzunguko wake wa wiki nzima, leo ukumbi huu, kesho ule: DDC Kariakoo, Magomeni Kondoa, na kumbi nyingine za pembezoni. Mpenzi wa kweli aliujua mzunguko huo kama mkulima anavyoijua kalenda ya mvua. Wimbo mpya tuliusikia ukumbini kwanza, ukiwa bado haujakomaa, beti zikibadilishwa wiki hadi wiki. Ulipokuja kurekodiwa katika studio ya Redio Tanzania na kusikika nchi nzima, sisi tulikuwa tumeshaucheza miezi kadhaa. Tulijivuna kwa hilo kupita kiasi. Kwenye redio wimbo ulikatwa ufupi, lakini ukumbini sehemu ile ya pili, magitaa yanapochangamka na tarumbeta kuitikiana na saksafoni, ilidumu muda wote ambao wachezaji waliutaka.

Tulikaa meza ya nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na upepo. Wa kwanza wetu kwa umri alikuwa fundi cherehani wa Ilala, Mwislamu mwenye heshima zake, ambaye hakuonja pombe maisha yake yote na alikunywa soda moja tangu saa tatu hadi mwisho. Dada mmoja muuguzi ndiye aliyetunza mchango wetu katika kopo la maziwa ya unga. Wengine walikuwa karani wa bandari, walimu wawili wa shule ya msingi, dereva, na kijana aliyeuza vitabu vya mitumba. Katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, bia yenyewe ilipatikana kwa kujuana, na mara nyingi watu walikwenda ukumbini kusikiliza muziki tu. Wale wetu waliokuwa Wakatoliki walijiwekea sharti: anayekwenda dansi Jumamosi lazima aonekane Misa ya kwanza Jumapili. Sharti hilo lilishikwa, ijapokuwa kwa macho mekundu.

Hapa tuseme neno kuhusu kutunza. Mwimbaji akikugusa, ulinyanyuka, ukacheza hadi jukwaani na kumpa noti, ukambandika kipajini au ukamtia mfukoni. Ilikuwa adabu, na pia ilikuwa riziki. Wanamuziki wale walikuwa waajiriwa. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya shirika au ya mfanyabiashara, wala hakuna aliyeweza kuondoka na chombo chake akaanzisha bendi kesho yake. Ndiyo maana waimbaji walihama mara kwa mara: alikoonekana mtu mwenye vyombo vipya na mshahara ulio afadhali, huko ndiko walikokwenda. Mwaka 2013, mzee Muhidin Maalim Gurumo alipostaafu baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba, alisema wazi kwamba muziki haukuwahi kumpatia hata gari. Mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, akamzawadia moja. Mzee alilitumia muda mfupi tu. Alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014. Tulipoisikia habari ya gari lile tulifurahi, kisha tukanyamaza kwa muda mrefu.

Gurumo huyohuyo ndiye aliyeipasua meza yetu. Alikuwa miongoni mwa waliotoka JUWATA kuijenga Mlimani Park, na mwaka 1985 akaondoka pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar kwenda Orchestra Safari Sound, kwenye mtindo wa Ndekule. Swali likawa: mpenzi hufuata nini? Karani na dereva walisema wao walimpenda mwimbaji, na penye sauti yake ndipo penye bendi yao. Walimu walitaka kugawa Jumamosi, moja huku na moja kule. Fundi alisikiliza yote, akazungusha chupa yake ya soda mezani, akasema, “Imamu akihama, mimi sibebi msikiti nikamfuata.” Dada muuguzi akamjibu kwamba msikiti hauimbi. Tulicheka, lakini majuma matatu baadaye meza ilikuwa na watu watano.

Wapo waimbaji waliohama mbali zaidi. Cosmas Chidumule, mtunzi wa “Neema”, baadaye aliuacha muziki wa dansi akaanza kuimba nyimbo za Injili. Remmy Ongala naye alifanya vivyo hivyo miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwezi Desemba 2010. Tumewasikia watu wakisema kwamba waliokoka kutoka kwetu. Sisi hatukubali kwamba walitoka gizani. Mtu aliyejifunza kuwatungia wimbo wafiwa na walioachwa hakuanza kuwahurumia watu siku alipobadilisha ukumbi.

Naam, turudi kwa fundi. Mwaka 1987 bendi ilipanga ziara ya mikoani, kituo cha kwanza Morogoro. Tulikuwa tumeweka akiba kwenye kopo tangu mwanzo wa mwaka kwa ajili ya safari kama hiyo, maana kuisikia bendi yako ugenini ni jambo la pekee. Huko hawakudai chochote wala hawakuwa na deni la kukupenda. Na Morogoro si mji wa kudanganywa kwa gitaa: ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, ni mji wa Mbaraka Mwinshehe, na wakati huo ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Tulikwenda kama wazazi wanaompeleka mtoto kwenye mtihani.

Siku tano kabla ya safari fundi akalazwa. Miguu ilikuwa imevimba, na figo, walivyosema, zilikuwa zimechoka. Tukakaa wanne kando ya lile kopo. Mmoja alisema tuahirishe, fedha zote ziende hospitali. Mwingine alisema mgonjwa mwenyewe asingekubali. Dada muuguzi, aliyejua zaidi yetu kuhusu figo, hakusema lolote. Alizihesabu fedha, akazigawa mafungu mawili yaliyo sawa, akaweka moja kwenye bahasha. Tukaipeleka. Fundi aliipokea, akaiweka chini ya mto, akasema, “Nendeni. Mkirudi mnieleze kama Morogoro walisimama.” Mkewe alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Hakututazama.

Fungu lililobaki lilitosha nauli ya watu wawili tu, kwa hiyo wawili wakaenda, kilomita zipatazo 190, na wawili wakabaki wakipokezana hospitalini. Walioenda walisimulia yote waliporudi: ukumbi ulijaa, watu walikaa saa nzima ya kwanza wakiwa wamefumbata mikono, na ilipopigwa “Neema”, ambao ndio uliokuwa wimbo wa fundi, mzee mmoja wa Kiluguru alisimama peke yake katikati ya ukumbi, kisha wakasimama wote. Fundi alisimuliwa hayo kitandani mara tatu. Mara ya tatu alirekebisha mambo ambayo hakuyaona.

Alifariki baada ya mwezi na siku kadhaa, akazikwa Kisutu alasiri ya siku hiyohiyo. Karani na dereva walikuja. Walishika jeneza bega kwa bega na sisi, na hakuna aliyetaja Ndekule. Wanamuziki wawili wa bendi walifika pia, wakakaa mkekani na watu wengine bila kujitambulisha.

Tulipokwenda kutoa rambirambi, tulimwambia mjane kwamba marehemu alikuwa mtu wetu. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, “Shemeji zangu, nimekaa naye miaka kumi na tisa. Jumamosi zake zote mnazo ninyi. Na mimi nipeni moja nizike nayo.” Hatukuwa na jibu, na hata sasa hatudhani kwamba lilikuwapo. Hakuwa amekosewa kwa matusi wala kwa ulevi. Mumewe alirudi kila mara, alileta posho, hakuwa na nyumba ndogo. Lakini alikuwa na mahali alikofurahi, na mahali hapo mkewe hakuwahi kupaona.

Tuliendelea kwenda kwake kila mwisho wa mwezi na kile kilichopatikana kwenye kopo. Mwanzoni alipokea mlangoni, baadaye akatukaribisha ndani. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kanga. Eda ilipokwisha, na miezi mingine ikapita, siku moja alituuliza ule wimbo hupigwa wapi. Dada muuguzi akamwambia kwamba hupigwa Kariakoo, Jumamosi, na kwamba angekuja kumchukua yeye mwenyewe.

Alikuja amevaa baibui, akakaa kwenye kiti tulichomwonyesha, karibu na mlango, na kuagiza soda. Tulikuwa tumepeleka ombi jukwaani mapema. Wimbo ulipoanza watu wa mbele walinyanyuka wakacheza, sisi hatukunyanyuka. Aliusikiliza wote, sehemu ya kwanza na ile ya pili yenye mchemko, mikono yake ikiwa juu ya meza. Ulipokwisha alituuliza kama ndivyo ulivyokuwa mrefu siku zote. Tukamwambia kwamba siku nyingine ulikuwa mrefu zaidi. Akamaliza soda yake, akauliza kama daladala la mwisho la Ilala limekwisha kuondoka.