Jacques Plante, kipa aliyekataa kurudi golini bila kufunika uso

Ndugu wasikilizaji wenye watu wao Montreal, wale waliotoka kambini wakapelekwa Kanada, wamekwisha kusikia kwenye simu habari za mchezo wa hoki ya barafu. Watoto wakifika kule wanaukuta shuleni, kwenye televisheni na hata kwenye maziwa yaliyoganda wakati wa baridi. Wazazi wengi wanaugopa. Swali la kwanza wanalouliza ni lile ambalo mama yeyote angeuliza: mbona yule wa golini amefunikwa uso kama mtu anayekwenda kuchoma vyuma?

Jibu lina jina la mtu. Anaitwa Jacques Plante, na zamani makipa hawakufunika kitu.

Kwanza mchezo wenyewe. Wachezaji ni sita kila upande, kipa akiwemo. Hawakimbii, wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, na mkononi kila mmoja ana fimbo. Hakuna mpira wa kujaa upepo. Kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, uzito wake karibu gramu 170, nacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke ovyo. Kikipigwa vizuri na mtu mwenye nguvu kinapita kilomita 150 kwa saa. Kipa kazi yake ni kujiweka mbele ya kitu hicho. Kwa miaka mingi katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, alijiweka mbele yake uso ukiwa wazi.

Plante alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1929, katika jimbo la Quebec, kule Wakanada wanakosema Kifaransa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya 11. Baba yake alifanya kazi kiwandani katika mji wa Shawinigan, na mshahara wa kiwanda kwa nyumba ya watoto 11 kila msikilizaji anajua unafika wapi. Mama yake alimfundisha kufuma, naye akawa anajifumia kofia za sufu mwenyewe. Hata alipokuwa mchezaji mwenye jina kubwa hakuacha kufuma, na wenzake walimcheka.

Alikuwa na pumu. Mtoto mwenye pumu hawezi kuteleza mbio saa nzima, kwa hiyo alirudi nyuma, akasimama golini. Siku moja kocha wa shule alimfukuza kipa wake baada ya kugombana naye, na Plante, ambaye bado alikuwa mdogo kuliko wale wengine wote, akaomba apewe nafasi. Hakutoka tena. Alipofika miaka 15 alikuwa analinda goli la timu ya kiwanda. Wenzake walikuwa wafanyakazi wanaolipwa na kile kiwanda, yeye alicheza bure, mpaka baba yake alipokwenda kwa kocha kudai. Wakapatana senti 50 kwa kila mechi. Kwa mtoto, na kwa mama aliyekuwa akihesabu mikate, hiyo haikuwa pesa ya kuchekwa.

Katika timu ya vijana ya mji wa Quebec aliona mabeki wake ni wazito, kisahani kikipita nyuma ya goli hawakiwahi. Akaanza kutoka mwenyewe, kukifuata, kukisimamisha, kumpa mwenzake. Watu walishangaa, maana kipa alitakiwa kukaa kati ya nguzo zake kama mlinzi wa usiku. Leo makipa wote wanafanya hivyo, wala hawamkumbuki aliyeanza kuifanya kuwa kazi ya kila siku.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1952 timu kubwa ya Montreal, Canadiens, ilimwita acheze mechi chache. Sababu ya kumwita? Kipa wao, Gerry McNeil, alikuwa amevunjika taya. Mlango wa kazi ulimfungukia juu ya mfupa wa mtu mwingine.

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa habari hii ulipo. Wakati huo ligi kuu ilikuwa na timu sita tu, na kila timu ilikuwa na kipa mmoja. Hesabu ni rahisi: nafasi sita za kazi. Katika inchi nzima ya Kanada, yenye vijana maelfu wanaocheza kila baridi, nafasi sita. Nyuma ya kila kipa kulikuwa na foleni ya vijana katika timu ndogo, wakisubiri augue, avunjike au aanze kulalamika. Kwa hiyo makipa hawakulalamika. Walishonwa na kurudi golini. Terry Sawchuk wa Detroit, ambaye wengi wanamtaja kuwa bora kupita wote, alishonwa usoni mara nyingi hata picha zake zinatisha. Glenn Hall wa Chicago alicheza mechi 502 mfululizo bila kukosa hata moja, uso wazi, na jambo linalojulikana na wote ni kwamba kabla ya mechi alikuwa anatapika. Watu walimsifu kwa zile 502. Kuhusu kutapika walicheka tu, ingawa mwili wake ulikuwa unasema kitu.

Plante naye alilipa. Pua ilivunjika mara nne. Mifupa ya mashavu, yote miwili, ilivunjika. Taya pia. Nyuzi za kushonea uso wake zilikuwa zinakaribia 200. Akatafuta barakoa ya kuvaa mazoezini, na kocha wake, Toe Blake, akakubali: mazoezini tu, kwenye mechi hapana. Blake alisema barakoa itamzuia kuona kisahani kikiwa karibu na miguu. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ile isiyohitaji kuelezwa sana. Kipa aliyefunika uso ataonekana ni mwoga, na kipa mwoga atafungwa. Tusimseme Blake kuwa mtu mbaya. Alikuwa mchezaji mkubwa zamani zake, na timu yake ilikuwa inashinda kombe kila mwaka. Lakini uso haukuwa wake.

Mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye kampuni ya nyuzi za kioo, Bill Burchmore, alimwona Plante akipigwa kwenye paji la uso akaanza kufikiri. Nyuzi za kioo zikichanganywa na gundi yake na kukauka zinakuwa kitu chepesi na kigumu. Ndizo zinazotengenezewa mitumbwi ya kisasa. Burchmore akamwandikia Plante. Wakapaka uso wake plasta, yeye akiwa amelala anapumua kwa mirija, wakapata umbo lake kamili. Kutoka umbo hilo ikatoka barakoa iliyokaa usoni kama ngozi ya pili, yenye matundu ya macho na mdomo. Haikuwa nzuri kuangalia. Mtu akiiona gizani angekimbia.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 1 mwezi wa kumi na moja mwaka 1959, New York, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Mechi ilikuwa na dakika tatu hivi. Andy Bathgate, mshambuliaji wa New York mwenye mkono mkali, alipiga kisahani kutoka karibu, kikampata Plante usoni. Barafu ikawa nyekundu. Walimshika wakampeleka ndani, daktari akaanza kushona.

Montreal hawakuwa na kipa wa pili. Siku hizo, kipa akiumia, timu mwenyeji ndiyo ilitakiwa kutoa mtu wa akiba, na mara nyingi alikuwa mtu wa kujitolea tu, asiye mchezaji wa kulipwa. Blake aliingia chumbani akamwona kipa wake amekwisha kushonwa, akamuuliza kama yuko tayari. Plante akajibu kwamba atarudi akiwa na barakoa, na bila barakoa harudi.

Mtu anaweza kusema ni jibu la kiburi. Lakini angalia saa aliyolitolea. Siku nyingine yoyote Blake angeweza kumwambia akae, aitwe kijana kutoka timu ndogo. Usiku ule watu walikuwa wamekaa vitini wanangoja, mechi imesimama, na kipa wa akiba alikuwa wa kubahatisha. Kwa mara moja, mtu aliyeshika moja kati ya zile kazi sita alikuwa na nguvu kuliko foleni iliyo nyuma yake. Aliitumia. Blake akakubali, kwa sharti la kimoyomoyo kwamba jeraha likipona barakoa itatoka.

Plante akateleza kurudi golini na ule uso mweupe wa ajabu, watu wakanyamaza. Montreal ilishinda 3 kwa 1. Ikashinda iliyofuata, na zilizofuata, na kila ushindi ulimziba Blake mdomo kidogo zaidi. Mwezi wa tatu mwaka 1960 kocha alimwomba ajaribu mechi moja bila barakoa, kule Detroit. Plante akakubali. Wakafungwa 3 kwa 0. Mechi iliyofuata aliivaa tena na mazungumzo hayo yakaisha.

Msimu ule Montreal walichukua kombe, Stanley Cup, bila kupoteza mechi hata moja kati ya nane za mwisho. Lilikuwa la tano mfululizo. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya ligi ile iliyofikisha matano. Mwaka 1962 Plante alichaguliwa kuwa mchezaji mwenye faida kubwa kwa timu yake katika ligi nzima, tuzo ya Hart, na baada yake ilipita miaka 35 kabla ya kipa mwingine, Dominik Hasek wa Czech, kuipata.

Waandishi wa magazeti walimuuliza kama barakoa si dalili ya woga. Jibu lake lilienda mbali: kama mtu ataruka kutoka kwenye ndege bila mwavuli, je, huo ndio ushujaa?

Mwaka 1963 Montreal walimpeleka New York, na mwaka 1965 akastaafu. Ingekuwa mwisho, lakini mwaka 1967 ligi iliongezwa kutoka timu sita kuwa 12. Kazi zikaongezeka, na wazee wakaitwa tena. Plante akaenda St. Louis mwaka 1968, karibu na miaka 40, na mwenzake wa golini akawa nani? Glenn Hall, yule wa mechi 502 na kutapika. Mwaka uliofuata wakapata pamoja tuzo ya Vezina ya makipa, kwa Plante ikiwa ya saba. Na msimu huohuo Hall, baada ya miaka yote ile, akaanza kuvaa barakoa.

Mwaka 1970, katika fainali dhidi ya Boston, kisahani kiliguswa njiani kikabadili mwelekeo, kikampiga Plante kwenye paji la uso. Barakoa ilipasuka. Yeye alianguka, akapelekwa hospitali. Alipopata fahamu alisema ndiyo iliyookoa maisha yake. Mwaka huo alianzisha kampuni ya kuzitengeneza, huko Magog, Quebec. Akacheza Toronto, Boston, na mwisho Edmonton, akiwa na zaidi ya miaka 45. Katika ligi kuu, kipa wa mwisho kucheza uso wazi alikuwa Andy Brown wa Pittsburgh, mwaka 1974. Ilichukua miaka 15 tangu usiku ule wa New York, na huo ni muda mrefu kwa jambo ambalo leo mtoto wa miaka sita analielewa.

Plante alihamia Uswisi. Kansa ya tumbo ilimuua Geneva tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1986, akiwa na miaka 57. Siku ya mazishi, timu ya watoto wa Quebec ilikuwa Uswisi kwa mashindano. Walikuja kanisani na fimbo zao, wakajipanga mistari miwili mlangoni, wakaziinua juu zikakutana, na jeneza likapita chini yake.